Kurudi kwa mwalimu wa gitaa ukiwa mtu mzima

Ukilishika tena gitaa baada ya miaka kumi au ishirini, mkono wa kushoto utakwenda wenyewe. Hata hujafikiri, vidole vimeshajipanga kwenye umbo la G au la C, kila kimoja mahali pake. Utatabasamu. Kisha utacharaza, na kitakachotoka ni sauti mbili safi, mbili zinazokwaruza na mbili zilizokufa kabisa. Vidole vinakumbuka njia, ila ngozi, misuli na mapigo vilishaaga siku nyingi.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo: aliyewahi kupiga, akaacha kwa sababu ya kazi au malezi, au kwa kuwa uzi ulikatika na hakununua mwingine, na sasa anataka kurudi kwa mwalimu. Mwalimu namtaja makusudi. Mkono unaokumbuka kodi (za muziki, si za nyumba: noti kadhaa zinazolia pamoja, kama G na C) unakumbuka na makosa pia. Mwanafunzi mpya anakuja na mkono usiojua kitu. Wewe unakuja na mkono mjuaji, na baadhi ya unachokijua ni kibovu. Kukigundua ukiwa peke yako ni vigumu mno, maana kwako hiyo ndiyo kawaida.

La kutia moyo lipo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, akazikariri upya huku akipima. Kujifunza mara ya pili kulichukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Na kama unadhani umesahau mengi, mfikirie Pat Martino, mpiga gitaa la jazi wa Marekani. Baada ya upasuaji wa ubongo mwaka 1980 kumbukumbu yake ilipotea kiasi kwamba ilibidi ajifunze gitaa upya, na sehemu ya darasa lake ilikuwa kusikiliza santuri alizorekodi yeye mwenyewe. Akarudi jukwaani. Wewe umesahau kodi ya F tu.

Hatua ya kwanza: likague gitaa kabla ya kujilaumu

Wengi wanaorudi huvilaumu vidole kwa kosa la chombo. Gitaa lililokaa miaka kwenye mfuko wake, nyuzi zikiwa zimekazwa muda wote huo, si lile uliloliacha. Seti ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, usiku na mchana, na mbao huitikia: shingo inapinda, tumbo linavimba, nyuzi zinapanda juu.

Anza na nyuzi zenyewe. Pitisha kidole chini ya uzi. Kikitoka cheusi au na kutu, usihangaike kusugua. Badilisha seti nzima. Nyuzi kuukuu hazishiki sauti na zinachubua ngozi ambayo tayari ni laini. Ila angalia usifanye kosa la hasara: gitaa la nailoni halivalishwi nyuzi za chuma. Nailoni huvuta karibu nusu ya chuma, na gitaa lake limeundwa kwa mzigo huo. Ukilitwika chuma, daraja, yaani kile kipande cha mbao kilichogundishwa tumboni nyuzi zinapofungiwa, linaweza kung'oka na kuondoka na ubao. Kama hujui lako ni la aina gani, tazama nyuzi tatu nyembamba. Za nailoni zinafanana na mshipi wa kuvulia samaki. Za chuma ni waya.

Kwenye gitaa la chuma nakushauri ushuke unene. Seti hutajwa kwa uzi wake mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi. Magitaa ya akustika kwa kawaida hufungwa seti ya 12, lakini ya 11 au hata ya 10 itakupunguzia mateso miezi ya mwanzo. Sauti itapungua ujazo kidogo. Ukikomaa, utapanda tena.

Kisha pima nyuzi zimeinuka kiasi gani. Simamisha rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo), upime kutoka juu ya chuma hadi chini ya uzi mnene. Milimita 2 na nusu hivi kwa gitaa la chuma, 4 kwa la nailoni, hapo pana nafuu. Ukikuta 5 au 6, hakuna mazoezi yatakayokusaidia. Lipeleke kwa fundi. Shingo nayo ina kipimo chake chepesi: bana uzi mnene kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 14 kwa mkono mwingine. Uzi umenyooka, sasa ndio rula yako. Tazama karibu na freti ya 7. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, wa unene wa kadi ya karatasi. Ukiwa mkubwa, shingo imepinda mbele. Usipokuwepo kabisa, imenyooka mno au imerudi nyuma. Magitaa mengi ya chuma yana fimbo ndani ya shingo inayokazwa au kulegezwa kurekebisha hilo. Kama hujawahi kuigusa, usijifunzie kwenye gitaa lako mwenyewe.

Mwisho, litengenezee sauti. Programu ya simu inatosha, iwe imewekwa noti ya A kwenye hezi 440. Kila uzi ufikie noti yake ukitokea chini: ukipitiliza juu, legeza mpaka chini ya noti, ndipo upande taratibu, maana meno ya kigingi cha kukazia uzi yana ulegevu na uzi ulioshushwa huendelea kuteleza. Nyuzi mpya zitashuka kila saa kwa siku mbili tatu za mwanzo. Zivute kidogo kwa kidole kuziinua kutoka ubaoni, kaza tena, rudia.

Hatua ya pili: wiki mbili peke yako

Ni hasara kulipia somo ili mwalimu akutazame ukipuliza vidole. Jipe wiki mbili hivi za kuizoesha ngozi: dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kwa kodi nne nyepesi, labda E maina, A maina, D na G. Sugu hujengwa na kugusa mara kwa mara. Saa mbili za Jumapili zitakuachia malengelenge na wiki nzima ya kulikwepa gitaa. Usipige mara tu ukitoka kuoga au kuosha vyombo, kwa sababu ngozi iliyolowa huchanika upesi. Kata kucha za mkono wa kushoto mpaka kidole kikisimama wima ubaoni kisisikike kikigonga. (Kama unapigia upande wa pili, geuza kila ninaposema kushoto na kulia.)

Siku ile ya kwanza kabisa, kabla hujajikumbusha lolote, jirekodi kwa simu. Dakika moja, wimbo wowote unaodhani unaujua. Usiisikilize. Ihifadhi, ina kazi yake baadaye.

Katika wiki hizo utavutwa na video. Masomo ya bure yamejaa mtandaoni, na mengine ni mazuri kushinda ya kulipia. Shida yake ni moja: unaiona video, video haikuoni. Mtu anayeanza haumii sana kwa hilo, kwa kuwa anafuata kile anachoonyeshwa. Anayerudi hufuata kwa macho huku mkono ukiendelea na mambo yake ya zamani.

Hatua ya tatu: kumpata mwalimu

Mpigaji hodari anaweza kuwa mwalimu dhaifu, na anayerudi huumia zaidi kwa hilo. Hodari atakusikia ukipiga kodi sita, atakuona umeshavuka mwanzo, atakupa wimbo mgumu. Wewe utafurahi. Miezi mitatu baadaye mtagundua wote wawili kwamba mmejenga ghorofa juu ya msingi wenye ufa.

Tafuta kwanza aliyewahi kuwafundisha watu wazima. Mtoto huambiwa fanya akafanya. Mtu mzima anataka kujua kwa nini, na ana haki. Pili, awe anaupiga mtindo unaoupenda. Mkono wa kulia ndio unaotofautisha mitindo: mpigaji wa klasiki hudonoa kwa vidole vinavyopokezana na kucha zilizonolewa, mwingine hutumia piki (kipande kidogo cha plastiki cha kudonolea), mwingine hucharaza kwa mkono mtupu. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, alidonoa kwa gumba na kidole cha shahada, na Wes Montgomery alipiga jazi kwa gumba peke yake. Ukienda kwa mwalimu wa klasiki na ndoto za namna hiyo, atakuona mgonjwa.

Omba somo moja la majaribio kabla ya kulipia mwezi. Mkiwa humo, hesabu kimoyomoyo: nani anapiga zaidi, yeye au wewe? Mwalimu anayemaliza nusu ya saa akionyesha ufundi wake amekuuzia tamasha. Angalia pia amekurekebisha mambo mangapi. Akitaja kumi, hutabaki na hata moja. Anayekusikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akagusa jambo moja tu, huyo mshike.

Muulize hivi: Nikija sijafanya mazoezi, tutafanya nini? Jibu lake litakueleza mengi kuliko vyeti. Mwalimu wa watu wazima anajua wiki hiyo ipo, na ameshajiandaa: mtafanya mazoezi pamoja palepale, au mtasikiliza, au mtapiga vitu vyepesi vya kuweka mapigo sawa. Anayekuhutubia juu ya nidhamu anakusukuma uanze kukwepa masomo, kisha uache kabisa.

Muda wa dakika 45 unatosha. Kama wiki zako zimebana, ni heri somo moja kila baada ya wiki mbili ukiwa umejiandaa, kuliko kila wiki ukiwa mikono mitupu. Masomo kwa njia ya video yanafaa, ila yana pengo moja lisilozibika kirahisi: sauti hufika ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo hamwezi kupiga pamoja kwa wakati mmoja. Mtapokezana. Weka kamera upande wa mbele, chini kidogo ya usawa wa shingo ya gitaa, ili mwalimu aone vidole vya kushoto na kifundo cha mkono wa kulia. Uso wako hauhitajiki. Ukiweza, masomo mawili matatu ya mwanzo yawe ya ana kwa ana, kwa sababu kuna mambo mwalimu huyajua kwa kukugusa bega.

Na umri, usiujali. Huenda akawa kijana sana kwako. Atakuamkia shikamoo, kisha atakuambia mkono wako umekaa vibaya. Vipokee vyote viwili.

Hatua ya nne: somo la kwanza

Mweleze kwa ufupi: ulipiga miaka mingapi, uliacha miaka mingapi, nani alikufundisha (kama hakuna, sema hakuna), nyimbo mbili ambazo ungependa kuzipiga miezi sita ijayo, na kwa siku unapata dakika ngapi. Taja dakika ulizo nazo kweli. Ukisema saa moja na huna, atakupangia kazi ya saa moja, nawe utakuwa na deni kila wiki.

Halafu piga. Usitangulize samahani wala hadithi za zamani ulivyokuwa. Piga kitu kifupi mpaka mwisho, na ukikosea endelea.

Mimi nilirudi baada ya miaka kumi na sita. Nilipiga wimbo wangu wa zamani kwa kujiamini mpaka penye F, nikaiparaza, nikaendelea. Mwalimu, kijana wa kunyoa ndevu juzi, hakusema kitu. Alisogea akajaribu kupitisha kidole chake kati ya kiganja changu na shingo ya gitaa. Hakikupita.

“Kaka, hapa hewa inapita?”

“Haipiti.”

“Basi ndiyo maana F inakukataa.”

Gumba langu lilikuwa limeparamia juu ya shingo na kiganja kimeikumbatia kama mpini wa jembe. Hivyo ndivyo nilivyojifunza utotoni kwenye gitaa kubwa kuliko mimi, na kwa miaka yote nilidhani vidole vyangu ni vifupi. Niseme wazi kwamba gumba juu ya shingo si dhambi. Wapigaji wengi wa blues huliweka huko makusudi, hasa wanapopinda nyuzi. Kosa ni kutokuwa na namna nyingine. Kodi za kulaza kidole, yaani zile kama F ambazo kidole kimoja hubana nyuzi kadhaa kwa mpigo, zinataka gumba literemke nyuma ya shingo, takriban nyuma ya kidole cha kati, ili kifundo kipate kupinda na vidole vifike.

Kabla hujaondoka, omba ruhusa ya kurekodi dakika tano za mwisho, mwalimu akirudia kwa maneno yake mwenyewe jambo la kufanyia kazi. Nyumbani kumbukumbu hudanganya. Utajikuta Jumatano hujui alisema kiwiko kiingie ndani au kitoke nje.

Hatua ya tano: fungua vifundo vya zamani

Hapa ndipo mwezi wa kwanza na wa pili unapoishia, na nitakaa kidogo.

Kosa kubwa la wanaorudi ni kubana kupita kiasi. Tulijifunza kwenye magitaa mabovu yenye nyuzi zilizoinuka, tukazoea kukaba. Fanya jaribio hili, hata leo. Weka kidole cha kati juu ya uzi wa tatu, freti ya 5, bila kuubana, kana kwamba unapapasa. Donoa uzi kwa mkono wa kulia, mara moja kila sekunde. Utasikia tik, sauti iliyokufa. Endelea kudonoa huku ukiongeza nguvu ya kidole kidogokidogo. Itafika mahali pa kukwaruza, kisha ghafla noti itang'aa. Simama hapo. Nguvu hiyo ndiyo inayotakiwa, na watu wengi hushangaa ilivyo ndogo. Sasa rudia kidole kikiwa katikati ya freti mbili, kisha kikiwa kimesogea karibu kabisa na chuma cha mbele, upande wa tumbo la gitaa, bila kukikalia. Karibu na chuma nguvu inayohitajika hupungua tena. Fanya dakika mbili kila siku, kwa vidole vyote vinne. Kidole cha mwisho kitalalamika.

Baada ya hapo, F. Kodi hii imewatoa watu wengi kwenye gitaa kuliko nyuzi zilizokatika, na sababu ni kwamba tunaianzia mahali pabaya. Freti ya 1 iko jirani kabisa na pale nyuzi zinapoegemea mwisho wa shingo, kwa hiyo nyuzi hapo ni ngumu kubana kuliko katikati ya shingo, na mkono umenyooshwa mbali. Lichukue umbo lilelile la F ulipeleke freti ya 5. Hapo linaitwa A, na ni rahisi zaidi. Kidole cha shahada usikilaze kwa tumbo lake laini lenye mikunjo. Kizungushe kidogo kiegemee ubavu wake wa upande wa gumba, penye mfupa. Kiwiko kisogee karibu na mbavu. Kisha, badala ya kubana kwa gumba kama koleo, acha uzito wa mkono wenyewe uvute nyuma, huku mkono wa kulia ukilituliza gitaa kifuani. Jaribu hata kuondoa gumba kabisa kwa sekunde mbili. Kama kodi bado inalia, umeelewa.

Ikikubali kwenye freti ya 5, kaa hapo wiki nzima. Kisha shuka ya 4, ya 3 (sasa ni G), ya 2, na mwisho ya 1. Kila ngazi uipe siku zake. Donoa uzi mmojammoja kutafuta uliokufa, maana ukicharaza zote kwa pamoja sikio husamehe.

Hatua ya sita: dakika ishirini za nyumbani

Gitaa litoe mfukoni, litundike au lisimamishe mahali unapopita. Ukilazimika kufungua zipu, kuna siku utashindwa na zipu.

Dakika ishirini kila siku zinatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo. Mbili tatu za kutengeneza sauti na kupasha vidole. Saba au nane kwa lile jambo moja la mwalimu, ukiwa mtulivu, bila televisheni. Tano za kuhama kutoka kodi hadi kodi. Zilizobaki, piga unachokipenda, hata kama kina makosa, hata kama si kazi ya nyumbani. Sehemu hiyo ya mwisho usiifute kamwe kwa kisingizio cha bidii. Ndiyo itakayokurudisha kesho.

Zoezi la kuhama ni la kuhesabu. Weka saa dakika moja, hama kati ya kodi mbili tu, tuseme G na C, ukicharaza mara moja kila ukifika, na uhesabu umehama mara ngapi. Andika namba. Leo 18, kesho 20, kesho kutwa 17 kwa sababu umechoka. Ukifika 30 safi, nyimbo nyingi za mwendo wa pole zinapigika. Ukifika 60, kodi hizo umezimaliza, chukua jozi nyingine. Angalia pia kuna kidole kinachoweza kubaki mahali pake wakati vingine vinahama. Kutoka C kwenda A maina, kwa mfano, vidole viwili havihitaji kuondoka. Ni cha pete tu kinachosafiri. Wanaorudi wengi huinua vyote kwa mazoea, wanavipanga upya.

Metronomu, kifaa au programu ya kugonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, utaichukia, kisha mtapatana. Ianzie mapigo 60 kwa dakika, na wimbo usipopigika kwa mwendo huo bila kusimama, shuka 50. Ukipiga mara tatu mfululizo bila kosa, ongeza 4 au 5. Mtu mzima anayerudi ana ugonjwa wa kupiga kwa kasi anayoikumbuka, akipunguza mwendo penye ugumu na kukimbia penye wepesi, na yeye hasikii. Metronomu inasikia.

Jambo jingine la aibu kidogo: tukiharibu mahali, huwa tunarudi mwanzo wa wimbo. Matokeo yake mwanzo unang'aa na katikati panabaki kichaka. Chukua pale palipoharibika, kodi mbili au tatu tu, pazungushe mara kumi taratibu, ndipo uunganishe na kilichotangulia.

Hatua ya saba: usikilize mwili

Ncha za vidole kuuma ni halali yako kwa wiki chache. Kifundo, kiwiko, bega au mgongo kuuma si halali. Ni dalili ya mkao mbaya au nguvu iliyozidi, na dawa yake ni kusimamisha siku hiyo na kumwonyesha mwalimu unavyokaa. Ganzi au vijisindano kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, hasa usiku, mpelekee daktari. Usivivumilie kwa kudhani ni ukakamavu wa mwanamuziki.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, nyayo zote sakafuni. Usiliinamishe gitaa uso juu ili uone vidole. Hilo hukunja kifundo cha kushoto vibaya na shingo yako pia. Mkanda si wa wanaosimama tu. Uvae hata ukiwa umekaa, ulibebe gitaa, mikono iwe huru. Kama kazi yako ni ya kuchapa kwenye kompyuta kutwa nzima, vunja dakika ishirini zako vipande viwili.

Hatua ya nane: piga na mtu

Usingoje uive. Ukiwa na kodi nne zinazohama bila kusita, mtafute mwenye ngoma, sauti au gitaa la pili, mpige wimbo mmoja. Ukiwa peke yako unaweza kusimama kutafuta kidole. Ukiwa na mwenzako wimbo unaondoka bila wewe, nawe unajifunza kuudandia mbele ya safari. Kama hakuna mtu, muombe mwalimu atoe dakika kumi za kila somo kwa kazi hiyo: wewe ridhimu, yeye solo. Mkibadilishana utagundua kwamba kushika ridhimu bila kuyumba ni kazi kubwa kuliko solo fupi.

Hatua ya tisa: ukikosa, na ukifika mwezi wa tatu

Utakosa wiki. Safari, ugonjwa, kazi. Usijaribu kufidia kwa kupiga saa tatu siku moja. Anza na dakika tano, kodi zilezile nne, na umwandikie mwalimu mapema ili somo lipangwe kulingana na hali. Ukikosa mwezi mzima, rudi kwenye jaribio la kubana uzi kabla ya jingine lolote, kwa sababu mkono ukipumzika hurudia kukaba.

Mwalimu naye anaweza kuisha, na si ugomvi. Masomo manne mfululizo yakipita bila jambo jipya kurekebishwa, au kila wiki unapewa wimbo mpya huku wa zamani haujakaa sawa, mwambie unavyoona. Kama hakuna kinachobadilika, shukuru, utafute mwingine.

Mwezi wa tatu ukitimia, keti mahali tulivu, pasha vidole, ujirekodi ukipiga wimbo uleule wa siku ya kwanza, dakika ileile moja. Sikiliza ya zamani mara moja, kisha mpya mara mbili, ukiwa na kalamu. Kwenye mpya andika sekunde ambazo mapigo yanayumba na kodi zinazochelewa. Peleka rekodi zote mbili na karatasi yako kwenye somo linalofuata, umwache mwalimu asikilize bila kumwonyesha ulichoandika, kisha mlinganishe.